Ufalme wa Msituni: Nani Anaiamuru Ardhi, na Mizimu Inaingia Wapi?

Kuna ufalme mmoja wa kubuni ambao kila mpenzi wa hadithi za ajabu ameshakutana nao, majina tu ndiyo hubadilika. Uko katikati ya msitu wa mvua, mgeni hafiki, watu wake wanaabudu mizimu na ardhi inawatii. Adui akija, mfalme anapiga mguu chini, ardhi inapasuka, jeshi linamezwa. Sura ya tatu hiyo, inanoga. Sura ya saba adui anarudi na mwandishi anaanza kutapatapa: mbona mfalme asiipasue tena? Eti amechoka. Eti jiwe la nguvu limeibwa. Msomaji anafunga simu yake na kwenda kulala.

Hadithi ya namna hiyo hufia pale inapochanganya mfalme, ardhi, mizimu na uchawi kana kwamba ni kitu kimoja chenye majina manne. Huku Nyanda za Juu Kusini wazee wetu waliishi na mpangilio unaofanana na huo kwa vizazi, na walivitenganisha vizuri sana. Kila nguvu ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na mipaka, na ilikuwa na mtu wa kuidai. Kwa hiyo nimebuni ufalme wangu, nauita Usyuka, nikaupandisha kwenye msitu wa Milima ya Livingstone, kati ya Mlima Rungwe na uwanda wa Kitulo. Nitaujenga kwa kuazima zaidi kwa Wanyakyusa, na mara mojamoja nitachepuka kwenda Iringa. Ninayoyasema kuhusu Wanyakyusa ni mambo ya zamani, mengi yakiwa bado yanakumbukwa na wazee wa Rungwe miaka ya 1930, watafiti wa jamii Godfrey na Monica Wilson walipokaa nao na kuandika waliyosimuliwa.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mlima Rungwe una urefu wa karibu mita 2,960 na ni volkano. Miteremko yake ya kusini-mashariki hupata mvua inayofika milimita 3,000 kwa mwaka. Ng'ambo kidogo kuna Ziwa Ngosi ndani ya kasoko, na Mto Kiwira unapita chini ya Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba wa lava iliyoganda. Anayekaa mahali kama hapa hahitaji kuambiwa kwamba ardhi ina uhai. Lakini angalia watu wa hapa walichoiomba. Hawakuiomba ipasuke. Waliiomba mvua ije kwa wakati wake, ulezi ukomae, migomba izae, ng'ombe washike mimba, na wake zao pia. Nguvu ya ardhi ilikuwa rutuba, na kinyume chake kilikuwa njaa. Usyuka ikiwa na uchawi wa ardhi, basi silaha yake kubwa ni kumnyima adui chakula, na hofu yake kubwa ni kunyimwa chakula yenyewe. Hilo peke yake linabadilisha hadithi nzima, kwa sababu njaa haimalizi vita kwa dakika moja. Inakuja polepole, na inampiga hata asiye na kosa.

Rutuba hiyo inakaa wapi? Hapa ndipo hadithi nyingi zinapokosea, na ndipo pananivutia kuliko pote.

Inakaa ndani ya mwili wa mtu. Kule Lubaga, Rungwe, alikuwapo Lwembe, mtawala ambaye uzima wake ulihesabiwa kuwa uzima wa nchi. Ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Karonga ambao leo ni Malawi, alikuwapo Kyungu wa Wangonde, na masimulizi yanasema asili yao wote wawili ni Ukinga, juu milimani. Lwembe akiwa na nguvu, akiwa na wake na watoto, mashamba nayo yalikuwa na nguvu. Akiugua, nchi nayo iko hatarini. Kwa Kyungu hata kidonda kilikuwa msiba. Tone la damu yake likianguka ardhini, watu walihofia maradhi kuenea, kwa hiyo wakuu waliomzunguka walimlinda asikwaruzwe hata kidogo. Hebu fikiri maana yake katika hadithi. Mfalme wa Usyuka hawezi kuongoza jeshi. Hawezi kuwinda. Hawezi kupanda mti kuchuma tunda. Ule mchoro wa jalada unaomwonyesha akiwa mbele ya askari na mkuki mkononi, ufute.

Na kifo chake kilikuwa kizito zaidi. Lwembe hakuachwa afe kwa ugonjwa kama watu wengine. Alipozidiwa, makuhani walimzuia pumzi, ili ile nguvu isitoke na kupotea pamoja na roho. Kabla hajakata roho walimng'oa nywele na kucha, wakaenda kuzifukia kwenye tope la mto, mahali pasipokauka. Kucha na nywele ndivyo vitu vinavyoendelea kuota mwilini bila mwenyewe kufanya lolote. Vikiwekwa penye unyevu wa kudumu, chakula cha nchi kinabaki ndani ya nchi hata mwenyewe akishazikwa. Sijawahi kusoma mfumo wa uchawi wa kubuni ulio na mantiki ya kutisha na iliyonyooka kiasi hicho. Huo wa makuhani hao haukuhitaji jiwe linalong'aa.

Sasa jiulize nani angetaka cheo hicho. Jibu la kweli ni kwamba wengi hawakukitaka. Wana wa ukoo walijua kwamba kuteuliwa ni kuingia kwenye nyumba usiyotoka, na kwamba siku moja homa ya kawaida itageuka hukumu. Wengine walikimbia. Kuna nyakati kiti kilikaa bila mtu kwa sababu mrithi hakupatikana. Katika riwaya nyingi ndugu wanauana ili wapate kiti cha enzi. Usyuka ndugu wanaweza kuuana ili kila mmoja akikwepe, na makuhani wanawasaka msituni usiku. Kijana wa miaka ishirini na minane, mwenye afya, mwenye watoto watatu, ndiye anayewindwa zaidi. Dada yake anamshauri ajikate kidole ili awe na kasoro. Hiyo sehemu ya kidole ni yangu, lakini unaona jinsi hadithi inavyoanza kujiandika.

Upande wa Iringa mwili wa mtawala nao haukuwa jambo dogo. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Suala la fuvu hilo liliingizwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na lilirudi kwa Wahehe mwaka 1954. Leo liko Kalenga. Sisemi kwamba Wahehe walikuwa na imani ileile ya Lubaga, maana Mkwawa alikuwa mpiganaji hasa. Nasema tu kwamba mwandishi anayetaka kujua mwili wa mtawala una uzito gani kwa watu wake, hana haja ya kwenda mbali.

Wenye chatu tumboni

Mfalme ana rutuba, lakini hana nguvu zote, na hapa wengi hushangaa. Masimulizi ya Wanyakyusa husema watawala walishuka kutoka milimani wakakuta wenyeji wasiojua moto, wanaokula vyakula vibichi. Watawala wakaleta moto na ng'ombe. Ukiishia hapo unapata hadithi ya kawaida ya wageni waliostaarabu wenyeji. Ila wenyeji nao walikuwa na chao, na wakakitumia kuwabana watawala. Mafumu, yaani wakuu wa vijiji, hawakutoka kwenye ukoo wa malafyale, yaani chifu. Walikuwa watu wa kawaida, na iliaminika kwamba wana nguvu ya usiku ambayo chifu hana.

Nguvu hiyo ilikuwa chatu. Mchawi alisemwa ana chatu tumboni mwake, na usiku chatu huyo hutoka kwenda kwenye nyama na maziwa ya watu, au kumtafuna jirani akiwa usingizini. Mafumu nao walikuwa na chatu. Ndiyo maana waliweza kuwaona wachawi katika ndoto na kupigana nao kukilinda kijiji. Kitu kilekile kinachoroga ndicho kinachokinga, na tofauti iko kwenye matumizi na kwenye kukubaliwa na wenzako. Mtu akifa kifo chenye utata, maiti ilipasuliwa tumbo ili waangalie kama kuna dalili. Ukiwa mwandishi, simama hapo kidogo: jamii iliyotaka ushahidi wa uchawi kwa kuangalia, tena baada ya kifo, wakati haumsaidii marehemu tena.

Juu ya chatu kulikuwa na kile walichokiita pumzi ya watu. Mtu akichinja ng'ombe akala peke yake na watu wa nyumbani kwake, au akimtukana baba mkwe, majirani wananung'unika. Manung'uniko yao, hata bila dawa wala kikao, yanamfikia mwilini: anashikwa na baridi, au mguu unavimba, au ng'ombe wake wanakauka maziwa. Hata chifu aliweza kupigwa na pumzi hiyo. Kwa hiyo huyu mtu ambaye mwili wake unalisha nchi anaweza kuugua kwa sababu tu wanakijiji wamemchoka, na akiugua sana, tumeshaona makuhani watafanya nini. Mwandishi anayetafuta mgogoro wa kisiasa katika ufalme wa kichawi ameshaupata, bila adui yeyote kutoka nje.

Nikichora Usyuka kwa mistari michache basi: mfalme anayo mvua lakini amefungiwa ndani. Wakuu wa vijiji wanaona gizani lakini hawana mvua. Wananchi wana pumzi. Hakuna mmoja anayeweza kuamka asubuhi akaipasua ardhi kwa hasira zake.

Mizimu ni ndugu zako

Neno ibada linatupeleka haraka kwenye sanamu, moshi na watu waliopiga magoti. Kwa Wanyakyusa, wafu walioko chini ya ardhi waliitwa abasyuka, kwa Wahehe masoka, nao walikuwa babu na bibi za watu. Mungu wa juu alikuwapo pia. Wahehe walimwita Nguluvi, naye hakusumbuliwa kila siku, mambo ya nyumbani yalipelekwa kwa masoka. Kwa Wanyakyusa, Kyala, ambalo leo ndilo jina la Mungu makanisani Rungwe na Kyela, katika masimulizi ya kale lilikuwa pia jina la shujaa mwenye pango lake ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ukiwa na mchanganyiko huo usijaribu kuunyoosha uwe ngazi ya miungu yenye vyeo. Wenyewe hawakuunyoosha.

Mzimu akiwa ndugu, unamwendea kama ndugu. Unamlalamikia. Unamwambia wazi kwamba mvua imechelewa na watoto wana njaa, na kwamba hata yeye atakosa pombe kama ulezi haukuota. Anaweza kununa, na anaweza kukasirika kwa sababu ya kweli. Na hapa kuna sharti ambalo ningeliweka katikati kabisa ya hadithi yoyote ya Usyuka: tambiko halishiki kama walioko juu ya ardhi wana kinyongo. Kabla ya kutoa sadaka, wazee walitakiwa waseme hasira walizonazo juu ya wenzao, wazitaje mbele ya wote, kisha wateme maji au pombe kwa kupuliza. Aliyenyamaza na uchungu wake ndiye aliyeharibu tambiko.

Fikiria siku ya tambiko Usyuka: ng'ombe ameshafungwa, makuhani wameshashuka kutoka Ukinga kwa miguu, watu wanasubiri mvua. Mzee mmoja anajua mwenzake alilala na mke wake mdogo miaka minne iliyopita. Akisema, ukoo unavunjika hapohapo. Asiposema, mvua hainyeshi na watu watakufa njaa. Sioni haja ya joka.

Kuna jambo jingine kuhusu abasyuka ambalo huwashangaza hata waliokulia huku. Sehemu kubwa ya mila za msiba, za uzazi na za unyago haikuwa ya kuwavuta karibu. Ilikuwa ya kuwasukuma. Mzimu aliye karibu mno humkalia mtu mwilini, humtia wazimu, huharibu uzazi. Basi watu walimtoa kwa mila, wakamweka mbali kiasi, kisha wakamkaribisha tena kwa adabu, aje katika ndoto nzuri na si katika mwili. Mahali pake panapofaa ni chini, penye mbegu. Msitu wa matambiko, wanakozikwa watawala, unakatazwa kukatwa kwa sababu hiyo pia: ni mpaka. Usyuka ikiwa na mwovu, sitamfanya mtu anayedharau mizimu. Nitamfanya mama aliyefiwa anayekataa kumsukuma mwanawe aliyekufa, anayetaka abaki karibu, na kijiji kizima kinaanza kuugua.

Kabla sijaacha mila, kuna moto. Karibu mara moja kwa kizazi, kila baada ya miaka thelathini hivi, Wanyakyusa walifanya ubusoka, siku ambayo akina baba walikabidhi nchi kwa wana. Wavulana walikuwa wameshatoka nyumbani tangu wakiwa na miaka kumi au kumi na moja, wakajenga kijiji chao wenyewe pamoja na rika lao, wakakulia humo. Siku ya ubusoka mioto yote ya zamani ilizimwa. Moto mpya ulipekechwa kwa vijiti, na kila nyumba ikachukua kutoka kwenye huo. Miti ilipandwa. Wana wawili wakubwa wa chifu walitawazwa na nchi ikagawanywa, na chifu mzee alitarajiwa kufa muda si mrefu. Nauweka ubusoka hapa kwa sababu unajibu swali ambalo waandishi hulisahau: uchawi wa nchi unarithiwaje? Kwa kuzimwa kwanza. Katika Usyuka kuna usiku mmoja kwa kila kizazi ambapo ufalme wote hauna moto, hauna mlinzi, na nusu ya wenye madaraka wanajua wanaagwa. Adui mwenye akili hahitaji jasusi. Anahitaji kujua tu usiku huo ni lini.

Kujitenga kwa namna gani?

Hili nalipitia upesi, kwa sababu jibu ni fupi: hakuna aliyejitenga kabisa. Wanyakyusa walipata majembe kutoka kwa Wakinga, waliokuwa wafua chuma hodari, na vyungu kutoka kwa Wakisi wa ufukweni. Msitu huficha watu wasionekane na wa mbali. Jirani anajua njia zote. Usyuka lazima iwe na mtu anayeuza chumvi getini, na huyo anajua siri nyingi kuliko kuhani.

Mfano wa Kyungu unaonyesha biashara inavyofanya kazi. Biashara ya pembe za ndovu ilipofika Ungonde, Kyungu alipata nguo za kugawa, akapata wafuasi kwa ajili ya hizo nguo, na taratibu akatoka kwenye kile kifungo cha kitakatifu akawa mtawala wa kawaida mwenye amri. Lwembe, ambaye biashara hiyo haikumfikia kwa kiasi hicho, alibaki na utakatifu wake na kifungo chake. Mwandishi anayetaka kuuangusha ufalme wa msituni hana haja ya kuleta mizinga. Alete vitambaa vya rangi, na mfalme aliyefungiwa ndani aone kwa mara ya kwanza kwamba kuna namna nyingine ya kupendwa na watu.

Na kile kinachofichwa na msitu, wenyeji wanakifahamu siku zote. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani mmoja mwenye aibu aitwaye kipunji. Watafiti walisitasita, kwa kuwa katika mazungumzo ya huku wanyama wa kweli na wanyama wa mizimu hutajwa kwa pumzi moja. Mwaka 2003 walimwona kwa macho katika msitu wa Rungwe na Livingstone, na mwaka uliofuata wengine wakamkuta Ndundulu, milima ya Udzungwa. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake mwenyewe, na hesabu iliyofanyika baadaye ilipata nyani 1,117 tu. Udzungwa hiyohiyo, mwaka 1991, kwale ambaye sayansi haikuwa imemjua alianza kushukiwa baada ya watafiti kuona miguu yake ndani ya chungu cha mboga kambini. Wenyeji walikuwa wakimla. Kwa hiyo mgeni atakapoingia Usyuka na kugundua kiumbe cha ajabu, tafadhali mwonyeshe mpishi akimuuliza anamtaka wa kuchemsha au wa kukaanga.

Limebaki suala la majina, na hapa nina msimamo. Lwembe, Kyungu na Lubaga ni majina yenye wenyewe, wana wajukuu, na misitu ya matambiko bado ipo kwenye vijiji vyetu, mingine mita chache tu kutoka kanisani. Chukua utaratibu, chukua tope la mto, kinyongo kinachozuia mvua, usiku usio na moto. Majina yabuni. Ukimfanya Lwembe kuwa jitu la kula watu katika sura yako ya pili, usishangae ukikutana na mzee stendi ya Tukuyu anayekuuliza, kwa upole kabisa, wewe ni mtoto wa nani.